Ruhusa ya Kuomba

Mwaka wangu wa kwanza masjala nilidhani mtu akishinda kesi, kesi imekwisha. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi tu, na nilipowaona watu wakitoka chumba cha mahakama wanapeana mikono na mawakili wao, niliamini wanakwenda moja kwa moja kuchukua walichopewa. Fundi cherehani mmoja, mjane, alikuwa ameshinda kesi ya nyumba miezi miwili kabla sijaajiriwa. Mwaka wangu wa tatu ulipoingia alikuwa bado anakuja dirishani, anaegemeza kiwiko kwenye ubao, anauliza kwa sauti ya chini:

"Mdogo wangu, limeshuka?"

Alikuwa akiulizia faili.

Masjala yetu iko chini, ofisi za majaji ziko juu, katikati kuna ngazi za saruji zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Faili likiwa chini kwenye rafu zetu, kazi inakwenda. Nakala inatolewa, msajili anasaini, na dalali wa mahakama, yule anayetumwa kumtoa mtu kwenye nyumba na kumkabidhi mwenye haki funguo, anachukua hati yake na kuondoka. Lakini mtu yeyote akileta ombi jipya, faili linapanda kwa jaji, na likipanda kila kitu kinasimama. Sijawahi kuona kifungu kinachosema hivyo. Ndivyo kazi inavyokwenda tu. Msajili hasaini kitu bila faili mezani, na faili haliwezi kuwa mahali pawili.

Aliyelijua jambo hilo kabla yetu sote ni shemeji yake fundi.

Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuja kwenye nyumba ile siku ya msiba kusimamia mambo, akapewa chumba cha mbele, na hakuondoka tena. Baada ya miezi sita fundi ndiye aliyejikuta nje, na mashine yake na mtoto wa kike wa miaka saba. Mahakama ilisema nyumba ni ya mjane na mtoto wake. Mwalimu alisema hakusikilizwa vizuri.

Hakuwa na wakili. Maombi yake aliyaandika mwenyewe kwa mkono, herufi zimesimama sawasawa kama watoto kwenye mstari, na kila moja aliliambatanisha na hati ya dharura, ya kuomba lisikilizwe haraka. Ndiyo maana masjala tulimwita Bwana Dharura. Alikuja na kalamu yake, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja.

"Binti yangu, habari za toka juzi?"

"Nzuri, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kukuongezea kazi kidogo, unisamehe."

Nyuma yangu, katikati ya rafu, mzee anayetunza mafaili angeguna. Yeye tulimwita Kabati, kwa sababu ukimtajia namba ya shauri anakwambia liko rafu gani na limelaliwa na lipi.

"Mteja wetu wa kudumu huyo," Kabati angesema kwa sauti ya kutosha kusikika. "Tumchapishie kadi ya uanachama."

"Nikipewa kadi, mzee mwenzangu, nitaomba iwe na picha," mwalimu angejibu, na wote wawili wangecheka, na mimi ningegonga muhuri, na faili lingepanda.

Kwanza aliomba hukumu ipitiwe upya. Ilipokataliwa, akaomba aongezewe muda wa kukata rufaa. Kisha akaomba jaji ajitoe, kwa kuwa alimkatiza akizungumza. Kisha akaomba utekelezaji usimame mpaka ombi la jaji kujitoa liamuliwe. Kuna moja liliomba kusahihishwa kwa tarehe kwenye uamuzi wa nyuma, na kweli tarehe ilikuwa na kosa. Hakuna hata ombi moja alilolishinda, na sikuona kama alihitaji kulishinda. Kila moja lilikaa juu miezi mitatu, minne, mitano, na kila lilipotupwa, kabla faili halijapoa kwenye rafu, alikuwa amesimama dirishani na jingine.

Mara nyingine walikutana kwenye korido, yeye na fundi, kwenye benchi lile lile.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamka kwenye chumba cha kupanga, shemeji. Wewe umeamka kwangu, naona umelala vizuri."

"Kifua tu kinanisumbua."

"Fungua lile dirisha la nyuma. Mume wangu alilitoboa kwa ajili ya hewa."

Angetikisa kichwa, kama mtu aliyepewa ushauri mzuri.

Mtoto wa fundi hakuwa naye. Chumba alichopanga kilikuwa kimoja, nusu yake imejaa mashine na vitambaa vya watu, kwa hiyo alimpeleka kwa dada yake, safari ya siku nzima kwa basi. Alimwambia ni kwa muhula mmoja. Sasa mtoto alikuwa na miaka kumi na moja, na kwenye simu alikuwa ameanza kumwita shangazi... nasema vibaya, alikuwa ameanza kumwita mama yake mkubwa "mama", bila hilo "mkubwa". Fundi alinisimulia hayo siku moja huku akiangalia mshono wa begani kwangu.

"Nani alikushonea hii blauzi?"

"Niliinunua dukani."

"Nilijua. Una mabega yanayoteremka, nguo za dukani zinakuonea. Nikiingia kwangu uje nikushonee, sitaki kukuona hivi."

Kila kitu alikisema hivyo, nikiingia kwangu.

Jumanne ile karani wa mahakama alikuwa mgonjwa, nikatumwa mimi kuingia na faili kwa jaji. Jaji wetu ni mtu wa miwani na sauti ndogo. Alifungua faili, akafunua kurasa mpaka mwisho.

"Hili ni ombi la tisa," alisema.

"La nane, mheshimiwa," alisema mwalimu akisimama. "Lile la nakala nililiondoa mwenyewe."

Watu wachache nyuma walicheka. Jaji hakucheka, wala hakukasirika.

"Mwalimu, ukishasahihisha mtihani wa mwanafunzi, kesho akarudi na mtihani ule ule amebadilisha jalada, utausahihisha tena?"

"Nitautazama, mheshimiwa. Huenda nilikosea mimi."

Nilimwona jaji akivua miwani. Nadhani jibu lile lilimgusa, lakini alikuwa na fundi mbele yake pia, amekaa na mkoba magotini, amenyamaza miaka yote ile. Akaanza kusema, nami nikaandika. Alisema kila ombi limekuja na jina jipya na ndani ni lile lile. Alisema mahakama ni ya kila mtu, lakini mtu akiitumia kumchosha mwenzake mpaka aache haki yake, hayo ni matumizi mabaya ya mwenendo wa mahakama, na mahakama haiwezi kukubali kuwa chombo cha kazi hiyo. Akatupa ombi. Akaamuru fundi akabidhiwe nyumba Alhamisi saa tatu asubuhi. Kisha akasema kwamba kuanzia siku ile masjala isipokee ombi lolote la mwalimu kuhusu nyumba hiyo bila idhini ya jaji huyo mwenyewe.

Fundi aliziba uso kwa viganja.

"Mheshimiwa," mwalimu aliuliza, "hiyo idhini inaombwaje?"

Jaji alikuwa tayari anakusanya karatasi zake. "Kwa maandishi," alisema.

Niliyaandika maneno hayo mawili chini ya mengine. Sote tuliokuwa mle ndani tuliyasikia, na hakuna aliyeyatilia maanani. Nilishuka ngazi na faili kifuani kama mtu anayebeba mtoto aliyezaliwa salama.

Katikati ya ngazi nilimkuta mwalimu ameshika ukuta. Mkono wake mwingine, ule wenye kalamu, ulikuwa unatetemeka, akiutazama kana kwamba si wake. Nilisimama. Nilitaka kupita, sikuweza.

"Mwalimu, nikuletee maji?"

"Hapana, binti yangu. Unajua, matofali ya nyumba ile maji yake nilichota mimi. Mdogo wangu alikuwa anafyatua, mimi nachota. Hakuna karatasi ya hilo. Ningekuwa na karatasi nisingewasumbua." Akapumua. "Hiyo idhini, ni barua tu, au kuna karatasi nyingine?"

Kwenye dirisha langu kuna tangazo: Makarani hawatoi ushauri wa kisheria. Nilibandika mwenyewe. Lakini mkono ule ulikuwa unatetemeka, na kola ya shati ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya ili kuficha pale ilipochanika, na nikafikiri, kesho kutwa atatolewa, kuna ubaya gani mtu kujibiwa swali.

"Karatasi mbili," nilisema. "Ombi na hati ya kiapo."

"Asante, binti yangu."

Jumatano asubuhi fundi alifika kabla hatujafungua dirisha. Alikuwa amevaa vizuri, amesuka. Mwenye chumba chake alikuwa amepata mpangaji mwingine wa kuingia Alhamisi hiyo hiyo. Shule iliyo karibu na nyumba ilikuwa imemwandikisha mtoto, masomo yangeanza Jumatatu. Mtoto angepanda basi Ijumaa alfajiri.

"Nimemwambia alete kila kitu. Asiache hata soksi," alisema. "Akiacha kitu ataona bado ana kwao kule."

"Hati ya dalali itasainiwa leo alasiri, dada," nilimwambia. "Msajili yuko kwenye kikao mpaka saa tisa."

"Saa tisa, saa kumi, mimi nitakuwa nafunga mizigo tu. Wewe ukiwa na nafasi Jumapili njoo nikupime."

Jaji alisaini ile amri niliyoichapa saa nne. Saa sita akaondoka na begi lake kwenda kusikiliza kesi za wilaya nyingine, wiki tatu, na kutoka huko angeunganisha likizo yake. Faili likabaki mezani kwangu, juu yake amri, juu ya amri hati ya dalali, ikingoja saini moja.

Saa nane kasoro nikasikia, "Binti yangu, habari za toka jana?"

Alinyoosha karatasi mbili kupitia dirishani. Ombi la kupewa idhini ya kuomba. Hati ya kiapo. Na nyuma yake, kama kawaida, ameambatanisha hati ya dharura. Mwandiko ulikuwa umesimama wima, hakuna herufi iliyotetemeka.

Sikuzishika. Nilimwambia anisubiri nikaenda nyuma kwenye rafu.

"Amekuja," nilimwambia Kabati.

"Na amri ya jana?"

"Anaomba hiyo idhini."

Kabati alikaa juu ya ngazi yake ya kupandia. "Mwambie muhuri umekwama," alisema. "Huwa unakwama. Nimeuona ukikwama siku nzima kwa ajili ya mawakili wenye viatu vya kung'aa, sembuse leo kwa ajili ya mjane. Saa tisa mama msajili anasaini, saa kumi muhuri unapona."

"Mzee, ni uongo huo."

"Nimesema ni kweli? Nimesema mwambie."

Nilirudi dirishani. Nilijaribu. Nilisema, "Mwalimu, labda ungerudi kesho," na sauti yenyewe ilitoka kama ya mtu anayeomba msamaha.

Alinitazama kwa upole. "Kesho saa tatu watakuwa wamenitoa. Uliniambia karatasi mbili, binti yangu. Nimeleta mbili."

Nikapanda kwenda kumwita msajili. Nilikuwa sijawahi kumtoa mtu kwenye kikao. Niligonga mlango kwa kucha. Alitoka amekunja uso, akasoma akiwa amesimama koridoni.

"Mama, amri inasema tusipokee," nilisema.

"Inasema tusipokee ombi kuhusu nyumba. Hili si kuhusu nyumba. Anaomba aruhusiwe kuomba."

"Lakini litapandisha faili."

"Ndiyo."

"Na jaji amesafiri."

"Ndiyo. Na amri inasema jaji huyo mwenyewe, kwa hiyo siwezi kumpelekea mwingine." Alinirudishia karatasi. Hakuwa mkali; alikuwa amechoka. "Lipokee."

"Mama, hati ya dalali iko tayari. Imebaki saini yako tu. Ungesaini kwanza..."

"Nikisaini, yule mzee akatupwa nje kesho, jaji akaja akampa idhini, nani ataitwa kujieleza? Wewe?" Akangoja, kana kwamba kweli alitaka jibu. "Sisi hatuamui, mwanangu. Sisi tunapokea."

Nikashuka nikagonga muhuri. Mwalimu alikagua tarehe, akakunja nakala yake mara mbili, akaiweka mfukoni upande wa moyo. Kabati alilipandisha faili mwenyewe, hakutaka nilibebe.

Ilibidi nimpigie fundi simu jioni ile, sikumpigia. Namba yake ilikuwa kwenye jalada, na jalada lilikuwa juu, kwenye chumba kilichofungwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba ningeweza kuuliza mafundi wa barabara ile, wanajuana. Niliogopa.

Alhamisi saa tatu na nusu simu ya masjala ililia.

"Mdogo wangu, ni mimi. Niko hapa nje kwangu na mkokoteni. Dalali hajafika. Amechelewa?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma.

"Amenitolea kiti," alisema. "Shemeji. Ametoka ndani, akaniambia jua kali, akanitolea kiti na maji. Mimi nikajua ananikaribisha kwa aibu, kwamba anaondoka. Kumbe ananikaribisha kama mgeni."

Alifika dirishani saa nane. Mizigo alikuwa ameiacha uani kwa fundi mwenzake, mashine imefunikwa turubai. Mpangaji mpya alikuwa ameshaingia kwenye kile chumba. Hakulia, hakugombana na mtu. Aliegemeza kiwiko mahali pake pa siku zote.

"Nataka nielewe kitu kimoja tu," alisema. "Jaji alisema amekwisha. Mimi nilimsikia. Huyu mzee hana wakili. Usiku mmoja tu, amejuaje njia ya kupitia?"

Ningeweza kuinamisha kichwa. Ningeweza kusema sijui, na angeniamini.

"Mimi nilimwambia," nilisema. "Aliniuliza kwenye ngazi. Alikuwa anatetemeka. Nikamwambia karatasi mbili."

Alinitazama. Nilingoja anitukane, na nadhani ningepata nafuu. Alinitazama vile anavyotazama kitambaa ambacho mteja amekikata mwenyewe vibaya, anapima kama kuna kinachobaki.

"Basi niambie na mimi," alisema. "Nipe na mimi hizo karatasi mbili. Niandike nini?"

Tangazo lilikuwa pale kati yetu, lakini halikuwa ndilo lililonizuia.

"Unaweza kuandika barua ya kuomba lisikilizwe haraka, dada."

"Niandike sasa hivi."

"Itakwenda juu. Itawekwa kwenye faili, chini ya ombi lake. Lake litasikilizwa kwanza, kisha yako. Na wewe ukiandika, naye ana haki ya kujibu. Akijibu..."

"Faili halitashuka."

"Litachelewa zaidi kushuka."

"Na nisipoandika?"

"Litasubiri jaji arudi."

Alichukua karatasi tupu niliyokuwa nimeshamsogezea, akainyoosha ukingo kwa ukucha, akanirudishia. Nyuma yake watu wawili walikuwa kwenye foleni na mafaili yao mkononi, mmoja anaangalia saa. Fundi aliniomba simu ya ofisi. Yake ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi. Hairuhusiwi. Nilimvutia waya mpaka dirishani, akanitajia namba nami nikabonyeza.

"Dada, mtoto asipande basi," alisema. "Hapana, hakuna aliyekufa. Asipande tu. Shule ya huko itamrudisha? ... Mwombe mwalimu mkuu. Mwombe vizuri."

Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa nyepesi, nikajua simu imechukuliwa na mtoto.

"Ndiyo, mama. Najua umeshafunga. Soksi nazo? ... Umefanya vizuri. Hapana, utakuja. Si kesho, lakini utakuja." Akasikiliza. Akafunika simu kwa kiganja, akaniinamia.

"Anauliza lini. Nimwambie lini?"

Nilifungua shajara ya jaji. Wiki tatu zilikuwa zimechorewa mstari mmoja mrefu wa safari, na baada ya hapo mstari mwingine wa likizo, na baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe. Nilizifunua kurasa zile nyeupe moja moja, zaidi ya nilivyohitaji, kwa sababu alikuwa anangoja na mkono wake uko juu ya simu.

"Sijui, dada," nilisema.

Akaondoa kiganja kwenye simu.